UZI: Panya kwenye friza, nyoka sebuleni. Namna ya kumlisha nyoka wa mtoto bila nyumba kuvurugika

Mama Wawili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kwenye uzi mmoja wa malezi ughaibuni kuna dada aliandika kwamba mwanawe kapewa nyoka na baba yake, na yeye kila akifungua friza na kuuona ule mfuko wa panya anaishiwa nguvu, hata hamu ya kupika inamtoka. Majibu aliyopata ni kicheko na "mtupe nje huyo mdudu". Hakuandika tena. Uzi huu ni kwa ajili yake, na kwa yeyote ambaye nyumbani kwake yumo nyoka asiyemtaka lakini mtoto anampenda.

Sisi tuko Leicester. Binti yetu anafuga nyoka wa mahindi, wale wa rangi ya chungwa wenye mabaka mekundu, asili yao kusini mashariki mwa Marekani. Hana sumu, ni mpole, akikomaa huwa na urefu wa mita moja hadi moja na nusu, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 15 hadi 20. Hiyo miaka ndiyo wazazi wengi hawaiulizi dukani. Mtoto ataondoka kwenda chuo, nyoka atabaki, na panya watabaki kwenye friza.

Ninalotaka kusema ni hili: kinyaa hakiondoki kwa kulazimishwa, wala mwenye nacho si dhaifu. Kipangieni utaratibu. Kila mtu abebe anachokiweza, na kinachomshinda mtoto kibebwe na mkubwa. Hapa Uingereza hata sheria imekaa hivyo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, na mnyama wa mtoto huyo anahesabiwa kuwa jukumu la mzazi. Kwa hiyo baba anayesema "nyoka ni wake, ahangaike naye mwenyewe" hana pa kusimamia.

Swali la kwanza la kila mama: hawezi kula kitu kingine? Kuku wa vipande, maini? Hawezi. Hakuna nyoka anayeishi kwa majani, na huyu wetu anahitaji mnyama mzima, kwa maana kwenye mifupa anapata kalisi, kwenye ini anapata vitamini. Ukimlisha minofu ya buchani anashiba huku mwili unapungukiwa. Kwa hiyo ukikubali nyoka wa aina hii umekubali na panya. Hilo lisemwe wazi nyumbani kabla pesa haijatoka.

La pili, na hapa sina mjadala: panya awe amekufa tayari. Kuna watu wanapenda kumtumbukiza panya hai na kuita watoto watazame. Ni ukatili kwa panya, anakaa na adui yake kwenye sanduku la kioo asilo na pa kukimbilia. Na ni hatari kwa nyoka mwenyewe, maana panya aliyebanwa hung'ata, na wapo nyoka waliopoteza jicho kwa namna hiyo. Sheria niliyoitaja inamlinda panya pia, ni mnyama mwenye uti wa mgongo aliye mikononi mwa binadamu, na kumtesa bila ulazima ni kosa. Nyoka wa mahindi aliyezaliwa kwa mfugaji karibu kila mara anakula panya wa friza bila shida.

Sasa sehemu yenyewe inayochefua.

Panya wanauzwa wameganda, kwa ukubwa tofauti: vichanga wasio na manyoya, walioanza kuota manyoya, wadogo wanaotembea, na wakubwa. Kipimo ni unene: panya alingane na nyoka pale alipo mnene zaidi, au azidi kidogo tu. Nyoka mchanga hula kila baada ya siku 5 hadi 7, mkubwa kila baada ya siku 10 hadi 14. Mwenye kinyaa ajipe moyo hapo, maana kadiri nyoka anavyokua ndivyo siku za kulisha zinavyopungua. Ila panya nao wanakua, na panya mkubwa mwenye macho na masharubu anasumbua roho kuliko kichanga.

Usiwaache kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Sisi tunawaweka kwenye kopo lenye kifuniko, lisiloonyesha kitu, kila panya na kifuko chake, ili siku ya kulisha utoe mmoja bila kuwaona wenzake. Jambo dogo, lakini ndilo lililofanya niweze tena kutoa mbaazi na samaki kwenye friza bila kufumba macho.

Usiku wa kuamkia siku ya kulisha, kifuko kimoja kinahamia kwenye kopo jingine lililofungwa, mbali na chakula chetu, kiyeyuke taratibu. Jioni yake, bado kikiwa kimefungwa, kinawekwa kwenye maji ya moto ya bomba ndani ya ndoo ndogo ambayo haifanyi kazi nyingine. Si maji yanayochemka, wala usithubutu kutumia maikrowevu. Panya hupasuka, na harufu yake haitoki leo wala kesho. Akishapata joto, bonyeza tumbo kwa koleo. Pakiwa pagumu katikati bado kuna barafu, mrudishe kwenye maji. Hapo kwenye kubonyeza ndipo mimi huwa naishia, na mume wangu anaendelea. Tumekubaliana hivyo na hakuna anayemcheka mwenzake.

Mkaushe kwa karatasi, kwa sababu panya aliyelowa huokota matandiko ya kizimbani na nyoka anayameza. Kisha koleo refu, vidole mbali, panya aelekezwe kwa kichwa. Nyoka anamrukia, anamviringa, halafu anatulia na kuanza kumeza. Baada ya hapo asishikwe kwa saa 48.

Usafi sasa, na hapa naomba msiruke mistari. Kuganda hakuui salmonela, wale bakteria wa kuharisha. Hapa Uingereza kuanzia 2015 kulikuwa na mlipuko wa salmonela uliohusishwa na panya wa kulishia nyoka, na hadi 2021 mamlaka za afya zilikuwa zimehesabu zaidi ya watu 800 waliougua, wengi wao watoto wa miaka 10 kushuka chini. Hawa ni watoto wa nyumba kama zetu. Kwa hiyo koleo, ndoo na kopo la panya havioshwi kwenye sinki la jikoni. Mikono sabuni na maji ya moto, hata kama ulivaa glavu. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wasiguse panya wala nyoka.

Nimeandika mengi, karibuni mchangie.

---

Mzee wa Pwani Mchangani

Binti yangu, mimi nasoma nikiwa nyumbani na nasema bila ugomvi: nyoka hakai na watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na kwetu kila ukoo una aliyeumwa. Huku mtu akisikika anafuga nyoka ndani, watu wanajua anatafuta utajiri wa njia nyingine. Mmewaambiaje wazee?

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Hofu yako naiheshimu, huko nyumbani kuna kifutu, kuna koboko, kuna swila, na asiyeogopa hajui anachokanyaga. Mama yangu alipomuona kwenye simu alikaa muda mrefu bila kunipigia. Tulimweleza kwamba huyu amezaliwa kwenye sanduku kwa mfugaji, hana sumu, na kizimba kina kufuli. Hakumpenda, na hatukumlazimisha. Alipokuja kutembea tulimlaza chumba cha juu, na kulisha kukafanyika amelala. Ila hilo la utajiri wa njia nyingine, mzee wangu, naomba lisimfikie mtoto. Yeye anampenda mnyama, basi.

---

Mkisii wa Minnesota

Asante sana kwa huu uzi. Wetu ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, hawa wanaojikunja mpira wakiogopa. Kijana wangu alimpata kwa rafiki aliyehama. Shida yetu si kinyaa tu, ni kwamba anakataa. Unayeyusha panya, unavumilia harufu, unamchezesha na koleo nusu saa, jamaa anageuza kichwa. Panya anaenda kwa takataka na wiki ijayo unaanza upya. Bibi yangu amechoka na mimi pia. Mwenye duka alituambia tumpe panya hai, atakula.

Mama Wawili

Pole sana kaka. Hao wanajulikana kwa kususia, wanaweza kukaa miezi bila kula, hasa majira ya baridi, na akawa mzima kabisa. Mpimeni kwenye mizani mara kwa mara. Uzito ukisimama palepale, msimbughudhi. Ukishuka na akanyong'onyea, daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Kabla ya kwenda kwenye panya hai jaribuni joto. Chatu wana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mawindo (nyoka wetu wa mahindi hana), kwa hiyo panya aliyepoa kwake si chakula. Wengi humpasha kichwa panya kwa mashine ya kukaushia nywele dakika chache kabla ya kumpa. Wapeni usiku, taa zimezimwa, mtu mmoja tu chumbani. Na kizimba kiwe na pango la kujificha la kumbana vizuri, chatu asiyejisikia salama hali. Ukimpa na akakataa, muache panya pale usiku mmoja, asubuhi mtoe na umtupe. Usimgandishe tena. Inauma kumtupa, najua, panya amekufa bure. Ndiyo maana usiyeyushe kila wiki kwa ajili ya anayesusia, subirini wiki mbili tatu kati ya jaribio na jaribio.

Mkisii wa Minnesota

Hiyo ya wiki mbili tatu hakuna mtu alituambia. Tulikuwa tunaona tukingoja atakufa.

---

Ukhti wa Mvita

Assalaam alaykum. Mimi niko Birmingham, mtoto analilia nyoka, babake ashakubali. Kinachonikwaza ni friza. Mzoga ni najisi kwetu, na ndimo namoweka nyama na samosa za Ramadhani. Mlifanyaje?

Mama Wawili

Waalaykum salaam ukhti. Tulinunua friza ndogo ya mitumba, ikakaa stoo chini ya ngazi. Haina kingine ndani yake. Kabla ya hapo tulitumia droo ya chini kabisa, kopo ndani ya kopo, lakini moyo wangu haukutulia, na nadhani wa kwako hautatulia. Vyombo tulimuuliza shehe wetu, naye alisisitiza kwamba chochote kinachogusa panya kisirudi jikoni, na nguo ya kufanyia kazi hiyo iwe mbali. Ukitazama utaona ndicho wanachotaka na watu wa afya. Mwambie babake friza ya pili iingie kwenye hesabu ya nyoka tangu mwanzo, pamoja na kizimba, taa ya joto na themostati ya kudhibiti hilo joto.

---

Baba Mapacha

Mimi nina pacha wawili wa miaka tisa. Mmoja ndiye mwenye nyoka. Mwingine alikuwa na panya wa kufuga, mweupe, akafa mwaka jana kwa uzee. Sasa kila siku ya kulisha huyu wa pili anajifungia chooni akilia, anasema yule panya naye ana mama yake. Ameacha kula nyama. Mwenzake anamuita mtoto mchanga. Sijui nisimame upande gani. Nikimuuza nyoka nimemuumiza mmoja, nikimuweka namuumiza mwingine.

Mama Wawili

Kaka, hili lako ndilo gumu kuliko yote hapa, na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza mzuie yule mwenye nyoka kumdhihaki mwenzake. Hilo lisisubiri. Mtoto anayelia kwa ajili ya panya hana kasoro ya kurekebishwa.

Pili, usimwambie "panya ni chakula tu". Alimfuga mmoja, alimjua kwa tabia zake, atajua kwamba unamdanganya, na siku nyingine hatakuuliza kitu. Mwambie ukweli kwa kiasi cha umri wake. Binti yetu aliuliza panya wanauawaje, tukamwambia: wanawekwa mahali panapojazwa hewa ya kaboni dayoksaidi polepole hadi wapoteze fahamu na kufa. Akauliza kama inauma. Tukamwambia wataalamu wanataka ifanyike taratibu ili mateso yapungue, na kwamba tunachagua wauzaji wanaokubali kueleza namna wanavyofanya. Alinyamaza, akalia kidogo. Hatukumbembeleza kwa uongo.

Watoto wa nyumbani wanakua wakiona kuku wa sikukuu anakamatwa, anachinjwa, ananyonyolewa. Wanahuzunika, jioni wanakula, na hakuna aliyewaficha chochote. Wa kwetu huku nyama wanaiona kwenye pakiti, na mara ya kwanza wanapouona mwili mzima wa mnyama wanaoujua kuwa ni chakula, ni huyo panya. Usishangae uzito wake. Kuacha nyama muachie, mpikie maharage, njegere na mayai, asihisi anaadhibiwa.

Tatu, siku ya kulisha huyo wa pili asiwepo. Mpeleke nje na mpira, au mama aende naye sokoni. Akirudi kila kitu kimeshaoshwa. Na kopo la panya lisikae pale anapochukua aiskrimu. Akitaka kuhusika, zipo kazi nyingi zisizo na panya: kubadilisha maji, kusoma kipimajoto, kuandika uzito, kukagua kufuli.

Yule mwenye nyoka naye mfundishe adabu ya kulisha. Hakuna kupiga picha panya aliyening'inia kwenye koleo na kumrushia mwenzake. Hakuna kuita marafiki waje kutazama. Kwetu binti ana neno lake analosema kabla ya kufungua kizimba, "pole na asante", alilitunga mwenyewe, nasi tunaliheshimu.

Akiuliza kuhusu porini, kama panya anateseka, kuna jambo nililolisoma likanisaidia. Tulizoea kusema nyoka anayeviringa humkosesha panya pumzi. Utafiti uliochapishwa 2015 kwa nyoka aina ya boa ulionyesha kwamba mbano unasimamisha mzunguko wa damu kwa sekunde chache tu, kabla hata ya pumzi kwisha. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa maana yake: fahamu hupotea haraka kuliko tulivyodhani.

Baba Mapacha

Nimekusoma. Leo naanza na hilo la dhihaka.

---

Daktari Ng'ombe

Mimi ni tabibu wa mifugo. Uzi mzuri. Niongeze jambo ambalo wazazi wengi huliona mara moja na kutaka kumtoa nyoka nyumbani usiku huohuo: kutapika. Panya aliyemezwa siku mbili nyuma anarudi nusu kasagika. Hakuna harufu mbaya kuliko hiyo katika ufugaji huu, nimezoea matumbo ya ng'ombe na bado hiyo inanishinda.

Sababu kubwa ni kushikwa mapema baada ya kula, panya mkubwa kupita kiasi, au kizimba baridi. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kusagia chakula. Nyoka wa mahindi anahitaji upande mmoja wa kizimba uwe nyuzi 28 hadi 32, na mwingine wa kupoa nyuzi 24 hivi. Akitapika, msafishe kizimba, mpe maji, na MSIMLISHE TENA mara moja kwa huruma. Tumbo lake linahitaji kupumzika. Subirini siku 10 hadi 14, kisha mpeni panya mdogo kuliko aliyezoea. Akirudia, mleteni kwa daktari.

Mama Wawili

Asante daktari. Wazazi hapo ndipo tunapokosea kwa upendo, nyoka ametapika, unadhani ana njaa.

Jirani wa Toronto

Swali. Mimi napata kichefuchefu pale anapomeza, taya zikiachana. Ni kweli anaivunja taya?

Daktari Ng'ombe

Havunji wala haichomoki. Mifupa miwili ya taya la chini haikuungana kidevuni, imeshikwa na ligamenti inayonyumbuka, kwa hiyo kila upande unasogea peke yake. Anavuta kulia, anavuta kushoto, anajivisha panya kama mtu anavyovaa soksi. Na mlango wa bomba la hewa anausogeza mbele, unauona kwenye sakafu ya mdomo, ndiyo maana anapumua mdomo ukiwa umejaa. Mwonyeshe mtoto kile kitundu. Nimeona watu wazima waliokuwa wanageuza uso wakainama kutazama.

Na baada ya kumeza mambo ni makubwa ndani. Kwa chatu wa Burma, watafiti walipima na kukuta moyo unaongezeka kwa asilimia 40 hivi ndani ya siku mbili baada ya mlo, halafu unarudi ulivyokuwa.

---

Kijana wa Monduli

Wakuu, mimi napita mara nyingi Meserani pale kwenye bustani ya nyoka, barabara ya Arusha kwenda Makuyuni. Naona hapa watu wa nyumbani wameanza kuvutiwa. Niseme tu: Tanzania na Kenya kumuokota nyoka na kumfuga bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa la jinai. Msije mkasoma ya Leicester mkayafanya Mbagala.

Ila nilitaka kuuliza, kuna yule nyoka wetu mla mayai. Si ndiyo dawa ya wenye kinyaa?

Mama Wawili

Umefanya vizuri kusema la kibali.

Mla mayai ni kiumbe wa ajabu, hana meno ya maana, anameza yai zima, analipasua kwa miiba ya uti wa mgongo ndani ya koo, anakunywa ute na kulitema ganda limekunjamana. Tatizo ni ukubwa wa mayai: yai la kuku linawashinda wengi, wadogo wanataka ya ndege wadogo kabisa, na kuyapata mwaka mzima ni kazi. Si nyoka wa mtoto anayeanza.

Kwa familia ambayo bado haijanunua na inajijua haitaweza panya, wako nyoka wa bustani wa Amerika Kaskazini, wembamba wenye mistari. Hao wanakula minyoo ya ardhini na samaki. Ila si samaki yeyote. Wale wa dhahabu wa kwenye matangi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, nyoka akilishwa hao tu anaanza kutetemeka. Na kinyesi chao kinanuka zaidi kwa sababu ya samaki.

---

Ukhti wa Mvita

Swali la mwisho kwangu. Sisi Desemba huwa tunakwenda Mombasa kwa wiki tatu. Nani atamlisha? Jirani yangu Mzungu mwema lakini siwezi kumwachia panya.

Mama Wawili

Usimwachie. Nyoka wa mahindi aliyekomaa na mwenye afya hadhuriki kwa wiki tatu bila kula. Mlishe siku nne au tano kabla ya safari ili asage vizuri na umsafishie kizimba kabla ya kuondoka. Jirani mwachie kazi mbili: maji safi, na kutazama namba kwenye themostati. Akiwa mchanga, chini ya mwaka, hapo ni tofauti, tafuta mfugaji mwenzako akae naye.

Namba ya daktari ibandike ukutani karibu na kizimba. Na friza ile ya stoo ibandike karatasi isomeke kwa mbali, jirani asije akaifungua akitafuta barafu.